Kiti cha Mzee wa Kilo Sitini na Tano

Jumanne, 10 Agosti 1993

Ndege! Miaka sitini na sita, karani mstaafu wa mizigo, stesheni ya Itigi, na Jumamosi nitapanda ndege. Nikimshinda Melkizedeki.

Mambo yako hivi. Ashrafu, kijana wa wenye maduka Singida mjini, amepata shamba la alizeti huko kwetu Kisighii, nyuma ya Mungaa. Siku hizi kila mwenye malori mawili ni mwekezaji. Trekta linaanza Jumatatu. Leo amekuja Itigi mwenyewe, akatuamkia shikamoo kwa adabu, akasema hataki laana ya mtu. Boma lenye kaburi halitalimwa, mradi mzee wa huko alionyeshe. Jumamosi anakagua mipaka kutoka angani. Rubani wake, Mgiriki wa Arusha, ana nafasi ya mzee mmoja asiyezidi kilo sitini na tano, nguo zikiwemo.

Baba yangu alizikwa zizini, ndani ya boma letu, kama wazee wote wa kwetu. Hana jiwe, hana msalaba. Hapa Itigi wanaopajua ni wawili tu: mimi, na Melkizedeki, jirani yetu wa zamani, ambaye mama yake amelala boma la pili kutoka letu. Wengine walihamishwa mwaka sabini na nne, enzi za vijiji vya ujamaa, na kutawanyika.

Nimemhakikishia Ashrafu kwamba huko naenda kila mwaka. Mara ya mwisho ilikuwa 1963, kumzika baba. Sikuona haja ya kutaja tarehe.

Jumatano, 11 Agosti

Nimejipima kwenye mizani ya ghala la asali. Sitini na tisa. Fedheha!

Melkizedeki akapanda baada yangu na kusimama pale kama kuku aliyenyeshewa. Sitini na moja. Akaniuliza mbele ya warina asali wote kama kazi yangu stesheni ilikuwa kuandika mizigo au kuila. Walicheka muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Baadaye akanifuata nyumbani, safari hii kwa upole. Alisema kaburi huonyeshwa kwa mguu, si kwa kidole. Twende wote wawili: treni hadi Manyoni, basi hadi Ikungi, kisha tutembee. Jumamosi tutakuwa tumekaa juu ya wazee wetu, na trekta litatukuta. Mke wangu Anastazia akasema hayo ndiyo maneno ya mtu mzima.

Nikawajibu kwamba dunia imebadilika. Mtu aliyesoma hatembei kwa basi la kuku wakati kiti cha ndege kipo. Melkizedeki akasema basi kiti hicho atakikalia yeye, kwa sababu mimi nitasahau hata mlango wa boma letu ulikuwa upande gani.

Nimeanza kufunga. Maji, na kipande cha muhogo.

Ijumaa, 13 Agosti

Kupimwa mbele ya rubani ni leo jioni. Asubuhi nilikuwa sitini na sita na nusu. Nikapata wazo.

Nimempelekea Melkizedeki koti langu la reli, lile zito la baridi. Nikamwambia huko juu kuna baridi ya kuua, asiende kufa mbele ya Mgiriki. Alishika mikono yangu miwili. Macho yake yalilowa. Akasema kumbe udugu bado upo.

Ndani ya bitana nilikuwa nimeshona boliti nne za reli.

Saa kumi na moja. Melkizedeki na koti: sabini na moja! Alishuka, akapanda tena, akautazama mshale kama mtu aliyesomewa hukumu asiyoielewa. Hata hakufikiria kulivua, maana baridi ya huko juu ilikuwa imemwingia akilini. Mimi, bila viatu, bila mkanda, bila meno ya bandia: sitini na tano kamili. Rubani akanipigia saluti.

Melkizedeki alinisindikiza hadi nyumbani. Ombi lake lilikuwa moja. Nionyeshe na la mama yake. La pili kutoka letu, kushoto ukitoka mtoni. Nikaapa.

Jumamosi, 14 Agosti

Naandika polepole, niwe mkweli.

Ndege ni ndogo kuliko jiko letu. Mlango wake hufungwa kama wa kabati. Nilikaa mbele, kando ya rubani. Ashrafu nyuma, na ramani magotini na penseli nyekundu. Tulikimbia kwenye nyasi, mifupa yangu ikagongana, kisha kugongana kukakoma ghafla. Hilo ndilo lililonitisha. Itigi yote ikawa mabati machache na reli moja.

Dakika arobaini na tano baadaye Ashrafu akapaza sauti kwamba tuko juu ya Kisighii. Nikachungulia.

Boma letu nalijua. Kutoka Mungaa unashika njia ya ng'ombe, jua la asubuhi likiwa shavu la kulia. Njia inapanda mwamba, unahema, unasikia mbwa wetu, halafu unaona uzio wa minyaa. Hivyo ndivyo unavyofika. Lakini kutoka juu mwamba haupandi. Umelala kama ngozi iliyoanikwa. Njia hakuna. Mbwa hakuna. Minyaa ipo, ndiyo. Nyumba zilibomolewa na watu wakaondolewa, ila minyaa haikuambiwa ihame, nayo imeendelea kukua. Duara la kijani, na katikati hakuna mtu. Duara jingine. Jingine. Nilifika sitini na tatu nikaacha. Kila nyumba niliyokula ugali utotoni ilikuwa pale, na zote zilifanana.

Ashrafu akauliza, mzee wangu, lako ni lipi? Tukazunguka. Akauliza tena. Rubani akaonyesha saa yake.

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe nililiwaza. Lakini mzee aliyefunga siku tatu hawezi kusema sijui akiwa kiti cha mbele. Nikanyoosha kidole. Lile! Ashrafu akalizungushia nyekundu na kuandika jina langu, Leonidas, kwa herufi kubwa. Akauliza kama kuna jingine. Wakati huo nilikuwa natapika ndani ya kofia yangu.

Jumapili, 15 Agosti

Baada ya misa nimeelezea safari kwa watu kumi na wanane. Mawingu nimeyaongeza kidogo.

Melkizedeki alikuja kuuliza la mama yake. Nikasema tumelionyesha, shaka ondoa. Alinitazama, kisha akaweka koti langu kizingitini. Boliti nne alizipanga juu yake, moja moja, kama mtu anayetandika meza. Akaondoka.

Mchana nimesikia amepanda treni ya Manyoni. Mzee wa miaka sabini! Ukaidi mtupu.

Alhamisi, 19 Agosti

Amerudi. Miguu imevimba. Alikataa kiti, akasimulia akiwa amesimama mlangoni.

Alifika Kisighii Jumatatu, trekta likiwa limeshaanza. Boma la mama yake akalikuta na minyaa yake, akaketi zizini na fimbo yake. Dereva akapiga honi. Melkizedeki akamwambia apige hadi betri ife. Dereva akalizunguka lile boma na kwenda zake.

Kwenda kwenye letu.

Alilikimbilia, kwa kadiri ya miguu yake. Alipaza sauti kwamba hapa amelala baba yake Leonidas. Dereva akatoa ramani, akamjibu kwa heshima kabisa: shikamoo mzee, la Leonidas si hili, la Leonidas ni lile kule tulilolizungushia waya jana na kuliwekea kibao, alilionyesha mwenyewe kutoka kwenye ndege. Akalima.

Nikamuuliza Melkizedeki, lile la waya ni la nani. Akasema ni la Jumbe wa enzi za mkoloni. Yule yule aliyemfunga baba kamba mbele yetu kwa ajili ya kodi ya kichwa. Sasa analala vizuri, na kibao chenye jina langu.

Nikauliza kama ameniletea chochote. Akasema hapakuwa na cha kubeba. Akaenda.

Anastazia ameniambia, Baba Peniel, kaa chini. Nilikuwa nimekaa tayari.

Jumamosi, 21 Agosti

Usingizi sina. Nimetafakari sana, na nimegundua kosa lilipokuwa. Ndege iliruka juu mno.

Nimesikia Ashrafu amepata shamba la pili, upande wa Kiomboi, nako kuna mahame na makaburi ya watu. Nimemwandikia barua kwa mwandiko wangu wa stesheni. Nimemweleza kwamba katika Itigi nzima hakuna mzee mwingine mwenye uzoefu wa kuonyesha makaburi kutoka angani, na kwamba niko tayari wiki yoyote.

Anastazia aliisoma begani kwangu. Akauliza kama nimewahi kukanyaga Kiomboi maishani mwangu.

Nikamjibu kwamba haitahitajika. Barua imeondoka na treni ya saa nne.