Mtaji wa Zaghlul

Kila mwaka chuo cha udaktari kinapofunguliwa pale Kairo, Zaghlul huvaa koti jeupe na kwenda kusimama langoni, kuwahurumia watoto wa wenye nazo. Safari hii alimnasa Midhat, kijana wa mtaa wa Sayida Zainab, aliyekumbatia kitabu cha mifupa huku jasho likimtoka.

"Daktari, picha itakufikisha wapi? Shika fuvu hili. Unaona mshono katikati ya paji? Kwa wengi huziba utotoni, huyu kagoma! Hilo tundu la chini ndipo ubongo unaposhukia mgongoni. Taya ndiyo pekee inayocheza, mifupa mingine imeng'ang'aniana kama ndugu kwenye mirathi."

Midhat akalipa bila kupepesa.

Ualimu ni kazi tukufu, ila wa Zaghlul ulikuwa na nyongeza. Wiki moja baadaye humfuata mnunuzi kwao, akaangua kilio kwamba fuvu ni la mzazi wake, limeibwa kaburini, na polisi wako njiani. Waungwana na kashfa wapi na wapi? Hulirudisha mbiombio, na mwakani mzazi huuzwa upya. Fuvu lenyewe lilikuwa hilo hilo moja, na ndilo lililomweka mjini.

Basi akafika kwa kina Midhat, akajibwaga mlangoni. "Baba yangu jamani! Namjua kwa mshono wa paji!"

"Mfupa uliuonaje akiwa hai?" akauliza Hajati Inshirah, mama wa kijana.

"Alikuwa mwembamba mno, Hajati."

"Masikini! Pita mwanangu, tulikuwa tunakungoja wewe."

Sebule ilifurika majirani. Kahawa chungu inazunguka, Kurani inasomwa, na katikati, ndani ya sanda nyeupe, umelala mtaji wa Zaghlul. Hajati alikuwa ameukuta mvunguni mwa kitanda cha mwanawe, akatangaza msiba.

"Alikosekana mtu wake tu," akasema. "Mwana ndiye amshushe babake."

"Ningependa nikamzike kwetu, Asyut..."

"Umtese marehemu kwenye treni? Huna haya?" wakafoka majirani, wakambeba mzegamzega hadi makaburini.

Akashuka kwenye kaburi la ukoo wa Hajati, akalilaza fuvu kwa mikono yake, akalia. Safari hii machozi yalikuwa ya kweli, hata wanaume wakaguswa. Alipopanda, Hajati akafunga mlango wa chuma, akatia ufunguo kifuani, akamkumbatia mfiwa.

"Pole, mwanangu," akamnong'oneza. "Misiba imekuandama. Mwaka jana, kwa dada yangu, si alikuwa mama yako?"