Sanamu ya Kapteni Finch

Sijamwambia mtu, hata mama: aliyevuta kamba ni mimi.

Sisi wasichana tuliomaliza shule tulivishwa magauni meupe tuwe majimbo ya Marekani, kila mmoja na utepe wake begani. Mimi niliomba Delaware, jimbo dogo, kwa sababu sipendi kutazamwa. Nikapangwa pembeni, karibu na sanamu iliyofunikwa shuka, nishike kamba ya shuka ningoje amri ya kuvuta. Mbele yangu aliketi Bi Tryphena Finch, mjane wa Kapteni. Alikuwa ameipa kamati picha pekee ya mumewe ili mchongaji aipate sura, na alikuja kuuona tena uso ule. Kamishna Orville Stubblefield akaanza:

"Mheshimiwa Jaji, Waheshimiwa Wachungaji wa makanisa yote mawili, Mheshimiwa Mkuu wa Posta, askari wetu mliopigania Muungano, mabibi na mabwana, pamoja na farasi wenu wavumilivu (kicheko), mimi, Kamishna wenu kwa muhula wa tatu, kwa unyenyekevu ambao wengi mmeusifia, nasimama kumuenzi Kapteni Asahel Finch, aliyekwenda vitani akiwa fundi viatu, akarudi na mkono mmoja, na kwa mkono huohuo akafunua vitabu vya sheria mpaka akawa wakili, kisha mkamtuma katika Bunge la jimbo, ambako kwa miaka minane alizungumza mara mbili tu (sauti ya mzee: 'Na zote alisema hapana, reli isichukue mashamba ya wajane.' Makofi marefu), upungufu wa maneno ambao leo naufidia mimi."

(Bi Finch, kwa sauti ya kawaida: "Orville, Kapteni angekuwa ameshaketi." Kicheko. Kamishna anakunywa maji.)

"Mchakato wa sanamu hii umepitia upembuzi yakinifu, mpango mkakati na kamati ndogo tatu, na utekelezaji umefikia asilimia tisini na saba (makofi ya Mkuu wa Posta), na nilipoutazama uso ule wa shaba, mama yetu Bi Finch, nilitokwa machozi; hata hivyo, kwa heshima ya marehemu, shuka litabaki mpaka kikao kijacho."

(Bi Finch anainamisha kichwa. Shuka linaanguka. Pipa la siki, reki imesimikwa ndani yake, juu ya reki kofia kuukuu.)

"Kama mnavyoona, asilimia tatu iliyobaki ni sanamu yenyewe. Muungano daima. Kaunti mbele. Nawashukuru nyote, na kipekee namshukuru mchongaji, ambaye tutaanza kumtafuta Jumatatu."

Bi Finch alipanda jukwaani akanyoosha mkono. "Picha yangu," alisema.

Kamishna aliitoa mfukoni mwa koti lake. Bi Finch aliitazama palepale, mbele ya watu wote, wala hakuna aliyemharakisha. Aliposhuka alipita kwangu, akaninyooshea utepe begani.

Mjini wanasema ni upepo, ingawa siku ile hata bendera hazikutikisika. Waache waamini hivyo. Nawe, tafadhali, usimwambie mtu.