Picha Safi za Kompyuta ya Kahawa

Mbinga. Jumatatu, 14 Juni 1999
Mungu kanikumbuka! Mama Scholastica, meneja wetu wa ushirika wa kahawa, anataka kitabu cha kuwafundisha makarani wa kijiji cha Matiri kuingiza hesabu za kahawa kwenye kompyuta. Kila hatua iwe na picha ya kioo cha kompyuta, safi, inayosomeka. Atakayekiandaa vizuri anapata ajira ya kudumu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu! Praygod, karani mwenzangu, naye anaitaka hiyo ajira. Kaletwa kutoka Moshi na anatembea utadhani kompyuta kaizaa yeye. Nitamuwahi.

Jumanne, 15 Juni
Nimemleta Kilian wa studio, bingwa wa kipaimara na harusi. Kagoma kupiga picha ya kioo pekee. Anasema picha iliyokatwa miguu ni ya kitambulisho au ya marehemu. Akarudi nyuma mpaka mlangoni ili apate meza yote na miguu yake. Restituta, mfagizi wetu, akaomba asimame pembeni. Kitenge kipya. Sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Alhamisi, 17 Juni
Picha zimerudi kutoka Songea. Kioo ni kama ukucha, na ndani yake ni mwanga wa flashi tu. Restituta katoka vizuri sana. Meneja kaniuliza kama kitabu ni cha kompyuta au cha ukoo. Aibu!
Mchana nimemchungulia Praygod. Kumbe anabonyeza kitufe kimoja tu, kompyuta inajipiga picha yenyewe, anabandika, anakata pembeni, anabakiza kisanduku kinachohusika. Kuiba kwa macho si dhambi. Sijamuuliza Padri.

Ijumaa, 18 Juni
Zangu zinang'aa kuliko zake! Mkulima wake wa mfano ana gunia mbili. Nani atavutiwa? Wangu ni Edmund wa Matiri, nimembuni mwenyewe: gunia mia mbili, daraja la kwanza. Nikabonyeza Hifadhi ili picha ioneshe neno "Imehifadhiwa". Maridadi.

Jumatatu, 21 Juni
Nimekwisha! Praygod alikuwa anatumia programu ya mazoezi. Mimi nimeingiza kwenye ya kweli. Makao makuu wameziona gunia mia mbili, wametuma lori. Limeshapita Songea. Watasema nimeziiba! Ajira basi, hapa ni polisi. Nimesali rozari chooni. Nimewaza kukimbilia Liuli kwa shangazi Agripina nikauze usipa, dagaa wa ziwani.

Jumanne, 22 Juni
Lori limefika. Limepakia ghalani, LIMEJAA! Wiki nzima Praygod alizama kwenye picha zake, hakuingiza kwenye kompyuta kahawa halisi ya Matiri, nayo ilirundikana ghalani mpaka dari. Meneja alikuwa anahofia itaota ukungu kabla lori halijaombwa. Kasema, Hyasinti, umeona mbali. Nilitaka kusema ukweli. Nikasema ahsante, mama. Nikakaa juu ya gunia, nikacheka peke yangu kama chizi. Ee Mungu wangu, nimepona! Na ajira nimepewa! Praygod kanivuta pembeni, kanishauri kwa upole nitumie programu ya mazoezi. Wivu huo.

Jumatano, 23 Juni
Nimelala usingizi mtamu. Kitabu kimebakiza ukurasa mmoja usio na picha: Futa Msimu Mzima. Praygod kauruka, mwoga yule. Kompyuta inakuuliza kama una uhakika, lakini makarani wanahitaji kuona kinachotokea ukishajibu ndiyo. Picha lazima iwe ya kweli, si ya programu ya mazoezi. Kesho asubuhi, kabla meneja hajafika, nabonyeza.