Mkorea Tuliyemlilia Kolandoto

Kwa aibu niliyoipata leo, kisimani nitakuwa naenda saa ambayo hakuna mtu. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Neema, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Kolandoto. Asubuhi wadogo zangu wameenda shule, nimebaki na sare za watu na televisheni. Nikaweka ile tamthilia ya Kikorea ya msichana mgonjwa na kijana anayempenda. (Ndiyo, ile ile. Najua anakufa. Nimeirudia hadi nawajua majirani zao.)

Siirudii kwa ajili ya Wakorea. Ni kwa ajili ya Masanja, mdogo wangu anayenifuata. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na mimi shule niliishia la saba, wazazi walipofariki. Masanja ndiye alikuwa ananisomea, kila mtu na sauti yake. Bibi wa Kikorea alimsemea kama shangazi yetu wa Samuye. Kisha akaenda Geita kuchimba dhahabu ili wadogo wasome. Tangu mvua za mwaka juzi hajakanyaga hapa. Nikimpigia, ni "Nitakuja, dada." Shimo halina likizo.

Basi leo yule kijana akamshika msichana mkono, akafungua mdomo, na mimi nikasikia sauti ya Masanja: "Usilale bado, nina neno." Nikashindwa. Wala sikulia kistaarabu. Nililia Kisukuma, mikono kichwani, "Mayu wane, mama yangu, amekwenda!" Ng'ombe wa jirani akaitikia.

Sasa, kwetu ukisikia kilio cha namna hiyo huulizi amekufa nani. Ni utovu wa adabu. Unaingia, unalia kwanza, habari utazipata baadaye. Mama Neema alikuwa anatwanga. Akaacha mchi ndani ya kinu, akajifunga kanga kiunoni, akaja analia. Nyuma yake wanawake wengine.

Mimi ndani nikasikia vilio nje. Nikafungua mlango, nawaona wanakuja kwangu, machozi yanawatoka. Mtu mwenye ndugu shimoni akiona hivyo anafikiria nini? Nikajua kifusi kimemfunika Masanja, na wao wamepata habari kabla yangu.

Nikaanguka pale pale mlangoni. Hicho sasa ndicho kilikuwa kilio. Walivyoniona nimeanguka, wakajua msiba ni mkubwa, wakazidisha. Mimi nalia kwa sababu yao, wao wanalia kwa sababu yangu. Wanaume wakaleta kuni na mabenchi. Sufuria la ugali likabandikwa. Turubai likaanza kufungwa.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shija, akaniinamia. "Pole, mwanangu. Mwili uko wapi?"

"Si ninyi mnaojua, baba?"

"Sisi tujulie wapi?"

Mama Neema akaacha kulia katikati ya neno. "We dada, kwani tunamlilia nani?"

"Masanja."

"Nani kakuambia?"

"Ninyi."

Mzee Shija akatoa simu, akaweka sauti kubwa, akampigia Masanja. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Nilikuwa nimeshika mguu wa benchi, namwahidi Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ndipo simu ikalia yenyewe.

"Shikamoo, mzee. Nilikuwa chini, ndiyo nimepanda sasa hivi. Kuna nini?"

Vigelegele vikapigwa. Mzee Shija akasubiri vinyamaze, kisha akanigeukia. "Kama Masanja mzima, kile kilio cha kwanza kilikuwa cha nani?"

(Hapo ardhi ilitakiwa ipasuke inimeze. Haikupasuka.)

"Cha Mkorea."

"Mkorea gani?"

Nikanyoosha kidole ndani. Kwenye televisheni walikuwa wanazika. Mzee akachungulia, akavua kofia. "Ni ndugu yako upande wa mama au wa baba?"

Mama Neema alicheka hadi akakaa chini. Waliobeba kuni wakanitazama kama mtu aliyewaibia. Na kwenye simu Masanja akasema taratibu, "Dada, kumbe bado unaiangalia ile?"

"Naiangalia. Tatizo hakuna wa kunisomea."

 

Mzee Shija akaingilia. "Masanja, mtaa mzima umekulilia. Njoo wakuone kwa macho, la sivyo siku nikifa mimi watanilipa kwa kuninunia badala ya kunilia."

"Nakuja Jumamosi, mzee."

Ugali ulikuwa umeshaiva, wakaula wote, wakaniachia masufuria. Neno hilo la "nakuja" ambalo nimelibembeleza kwa upole tangu mvua za mwaka juzi, wanawake wenye kanga viunoni wamelipata kabla ya mchana. Kwa hiyo msinicheke sana. Macho yamevimba, turubai bado liko uani, na mimi nimetumia kamba zake kuanika shuka za Masanja.