Eldon Krebs Aiita Serikali Uwanjani

Eldon Krebs ndiye binadamu pekee aliyeshinda mechi thelathini na sita za mpira wa helmeti, ule wa Kimarekani, bila kuvaa helmeti, bila kukimbia hatua moja, na akiwa na kitambi kinachoingia mlangoni kabla yake. Muulize mwenyewe! Au usimwulize. Atakwambia tu.

Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba ya timu ya Chuo cha Bitter Fork, wale wanaojiita Nungunungu. Bitter Fork hawakuwa na ligi, kwa hiyo mechi zote kumi na mbili za msimu zilitoka kichwani mwa Eldon. Na Eldon alichagua wapinzani kama mtu anavyochagua nyanya sokoni: anabonyeza moja moja. Ila yeye alitaka zile zilizolainika.

Aliwaleta wanafunzi wa uuguzi, waliokuja wachezaji kumi na kocha akavaa jezi ili watimie kumi na mmoja. Aliwaleta wanaseminari, ambao kila wakimwangusha mtu walimwinua na kumwomba radhi. Kuna chuo kimoja cha wafuga nyuki kiliondoka kabla mechi haijaisha, wakisema wana mtihani Jumatatu na hawajasoma. Nungunungu wakapewa ushindi. Eldon akashangilia mpaka sauti ikakauka.

Mkewe, Arlys, ndiye aliyewapikia wageni hao, maana desturi ya Bitter Fork ni kumlisha mgeni kwanza halafu umpige. Alipika viazi na nyama ya kusaga kwenye matrei makubwa ya oveni, pamoja na vimikate vya mdalasini. Alikuwa amejifunza jambo ambalo makocha hawafundishwi: nguvu ya timu huonekana mezani. Timu ya kweli ingemaliza trei kumi na tano. Wauguzi walikula mbili, wakasema ahsante mama, wakaosha na vyombo.

Kuna jambo jingine aliloliona. Mwanawe Wade alicheza pale katikati ya mstari: yule anayeinama, akarusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, kisha akapambana na jitu lililoko mbele yake. Kazi ya kupasuka midomo! Lakini jezi ya Wade ilirudi nyumbani kila Jumamosi safi kama ya mwanakwaya. Arlys aliifua kwa adabu tu.

Basi ikafika ile Jumapili ya Desemba ambapo kamati ya watu kumi na watatu hutangaza kwenye runinga timu kumi na mbili zitakazoingia hatua ya mtoano kugombea ubingwa wa nchi. Sebule ya akina Krebs ilijaa. Eldon alikuwa amevaa kofia yenye miiba ya plastiki, na suti.

Wakataja ya kwanza. Wakataja ya tano. Wakataja ya tisa, timu iliyofungwa mara mbili. Ya kumi na moja ilifungwa mara tatu. Ya kumi na mbili ilikuwa Chuo Kikuu cha Jimbo, wale Fahali, majirani zao wa maili arobaini.

Bitter Fork, mwaka wa tatu mfululizo bila kufungwa, hawakutajwa hata kwa bahati mbaya.

"Wizi!" Eldon akaruka, miiba miwili ikadondoka kwenye mchuzi wa jibini. "Wizi wa mchana kweupe! Serikali iingilie kati!"

"Serikali ipi, Eldon?" akauliza jirani yao, mzee Lindgren, akichomoa mwiba kwenye mchuzi. "Hiyo iliyoshindwa miaka sita kuziba shimo lililo mbele ya nyumba yangu?"

"Shimo lako halijashinda mechi thelathini na sita!"

"Lakini angalau limepambana na malori," akajibu mzee Lindgren.

Watu wakacheka. Eldon hakucheka. Alikwenda kutafuta kalamu.

Arlys alimkuta Wade jikoni, amesimama mbele ya jokofu lililofunguliwa, hachukui kitu.

"Umeumia, mwanangu?"

"Sijaumia, mama. Hilo ndilo tatizo." Akafunga jokofu. "Miaka mitatu sijaumia. Juzi nilimsukuma yule mwanaseminari, akaniuliza kama nimeokoka. Nimebakiwa na msimu mmoja. Nikimaliza nitauza matrekta na mjomba, basi. Nataka mechi moja ya kweli kabla sijavua viatu. Moja tu. Hata tukipigwa."

"Mwambie baba yako."

"Nimemwambia. Kasema ataniletea chuo cha wapanga maua."

Arlys hakulala vizuri kwa sababu ya maneno hayo. Mama ana kichwa kigumu cha namna yake: anaogopa mtoto asivunjwe meno, na papo hapo anaogopa mtoto asije akazeeka na meno yake yote huku moyo umekunjamana.

Eldon naye aliandika. Aliiandikia Washington barua kumi na nne, akafananisha kuachwa kwa Bitter Fork na misiba mikubwa ya taifa, miwili ikiwa ya mafuriko. Washington ikamjibu kwa kadi iliyopigwa chapa, yenye picha ya bendera, ikimshukuru kwa maoni yake kuhusu uvuvi.

"Wameisoma!" Eldon akasema.

"Wamesoma ya mtu mwingine, baba Wade," Arlys akamwambia.

Hakukata tamaa. Akageukia bunge la jimbo, na huko wakamwita! Kamati ya elimu ingemsikiliza mwezi Februari, Jumanne, saa nne asubuhi. Eldon alitembea mjini wiki nzima kama mtu anayekwenda kuapishwa. Kinyozi alimkata nywele mara mbili katika siku nne, ingawa nywele zenyewe zilikuwa za kuhesabika.

Arlys alikaa safu ya nyuma ya ukumbi, mkoba mapajani, Wade kando yake. Mbele waliketi waheshimiwa saba, na katikati yao mwenyekiti, Seneta Ruthanne Pokorny, mama mfupi wa sweta la kijivu aliyeonekana kama anayengoja keki yake iive.

Eldon alihutubia dakika ishirini na tano. Alitaka serikali iishitaki kamati ya mtoano. Alitaka wajumbe wake wasitue kwenye uwanja wa ndege wowote wa jimbo. Alitaka gavana aitangaze Bitter Fork bingwa kwa amri, na siku ya mapumziko juu.

"Ahsante, Bwana Krebs," akasema Seneta Pokorny. "Nina maswali madogo. Timu yenu haijafungwa miaka mitatu. Siri ni nini? Kocha?"

Arlys akafumba macho. Alimjua mumewe. Ukitaka kumvua samaki huyu, huhitaji chambo. Unamsifia mwingine tu.

"Kocha?" Eldon akavuta maikrofoni. "Kocha anapiga filimbi, mheshimiwa. Siri ni mimi! Mimi ndiye ninayechagua wapinzani. Peke yangu!"

"Unawachaguaje?"

"Kwa utaalamu! Natafuta timu ambayo haiwezi kushinda hata ikibaki peke yake uwanjani."

Ukumbi ukacheka. Eldon akadhani wanampenda. Akalegeza tai.

"Na Chuo Kikuu cha Jimbo? Wako maili arobaini tu. Mmecheza nao lini?"

"Tangu niishike ratiba? Hata siku moja!"

"Hawajawaomba?"

"Wameomba mara tano, mheshimiwa, na mara tano nimewakwepa!" Hapo Eldon alikuwa amesimama kabisa. "Mara ya kwanza nikasema uwanja una harusi. Mara ya pili nikawaambia nyasi zetu zina ugonjwa wa kuambukiza. Wakatuma mtaalamu wa nyasi! Nikaipaka rangi ya kahawia robo ya uwanja usiku ule ule. Kuna mwanamume gani mwingine katika jimbo hili angewaza hivyo?"

"Hakuna," akasema Seneta Pokorny, akaandika kitu. "Kwa hiyo unataka serikali iingilie kati."

"Kwa nguvu zake zote!"

"Tumekuelewa, Bwana Krebs."

Garini Eldon aliimba maili zote. Wade alitazama dirishani, masikio mekundu. Arlys akamshika mkono, naye hakuuvuta.

Mwezi wa Mei bahasha ikaja, nene, ina muhuri wa gavana. Eldon aliifungulia barazani ili majirani waone. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti ya mchungaji: "Sheria ya Kuleta Haki katika Mpira wa Vyuo!" Hakuhitaji kusoma zaidi. Akampa Arlys karatasi akaenda kuwasha jiko la mkaa, maana siku kama ile haipiti bila mbavu za kuchoma.

Arlys hakusoma shule nyingi, ndiyo maana karatasi ya serikali huisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Alifika kifungu cha pili, kidole kikasimama.

"Baba Wade."

"Naam, mke wa mshindi!"

"Hapa wanasema kila chuo kinachopokea fedha za jimbo, kikiwa chini ya maili mia moja kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo, lazima kicheze nacho kila mwaka. Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Kuanzia mwaka huu."

Koleo la kugeuzia nyama likabaki hewani.

"Kifungu cha tatu," Arlys akaendelea. "Ugonjwa wa nyasi hautakubaliwa kuwa udhuru."

"Hawawezi kuandika hivyo!"

"Wameandika. Na harusi pia."

Mzee Lindgren, ng'ambo ya ua, akavua kofia yake kwa heshima. "Sheria inaitwaje kwa kifupi, Arlys?"

Arlys akageuza ukurasa. "Sheria ya Krebs."

Wade alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alicheka, kicheko ambacho mama yake alikuwa hajakisikia tangu akiwa na miaka kumi, akaondoka mbio kwenda kunyanyua vyuma. Mbavu zikaungua mpaka zikawa mkaa juu ya mkaa.

Eldon alihangaika majira yote ya joto. Aliandika kwamba serikali imevuka mipaka. Aliandika kwamba mpira ni wa wananchi. Washington ikamtumia tena kadi ya uvuvi.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, Fahali wakashuka kwenye mabasi sita. Arlys alikuwa mlangoni pa ukumbi wa chakula na matrei kumi na tano, kama alivyokuwa akikadiria siku zote. Wakayamaliza kabla yule wa mwisho hajapata sahani. Wakamaliza vimikate vya mdalasini. Mmoja, kijana mpole mwenye shingo pana kama kiuno cha Arlys, akamwinamia.

"Mama, kuna kingine?"

"Wewe unacheza wapi, baba?"

"Katikati, mama. Naangaliana na yule wenu anayerusha mpira."

Arlys akampa sandwichi yake mwenyewe, kwa matumaini kwamba ataelemewa.

Hakuelemewa. Mpira wa kwanza, Wade aliinama, akarusha nyuma, kisha akatoweka. Alikuwa chini ya yule kijana, na chini ya marafiki wawili wa yule kijana. Arlys alisimama kwenye jukwaa, mkono mdomoni, akihesabu miguu ilivyotoka rundoni mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa Wade. Aliinuka. Nyasi zilikuwa zimejaa kwenye helmeti, mdomo unavuja damu, jezi ina rangi ambayo sabuni yoyote ingeiogopa. Akamtafuta mama yake kwa macho, akamnyooshea dole gumba.

Arlys akakaa. Naye akamnyooshea lake.

Ikawa kumi na nne kwa bila. Ikawa thelathini na nane. Mpaka mapumziko, arobaini na tano kwa bila, na ubao wa matokeo wa Bitter Fork, ambao haukuwahi kuonyesha namba hiyo upande wa wageni, ukaanza kuwaka na kuzimika kama mgonjwa.

Robo ya nne, hamsini na tisa kwa bila, jambo likatokea. Yadi nne, Wade akasukuma. Yadi tatu, akasukuma tena. Yule kijana wa shingo akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine! Nungunungu wakafika mahali ambapo mpira uliweza kupigwa upite katikati ya milingoti: pointi tatu. Uwanja mzima, hata Fahali, ukakodoa macho. Wade akainama.

Wakati huo huo Eldon alikuwa amesimama peke yake mbele ya kiti cha Arlys, mgongo wake kwa uwanja, macho kwenye viatu vyake, kidole sikio hili, simu sikio lile.

"Mheshimiwa Pokorny? Krebs hapa! Hii ni dharura! Futeni sheria! Serikali haina biashara yoyote kwenye mpira, unanisikia? Hakuna nchi huru inayoruhusu haya! Serikali itoke uwanjani!"

Mpira ukapigwa. Ukapaa, ukagonga mlingoti, ukapita! Jukwaa likalipuka, Arlys akapiga kelele mpaka hereni moja ikaruka, na huko chini yule kijana wa shingo alikuwa akimwinua Wade na kumpiga mgongoni kwa heshima.

"Wanashangilia nini?" Eldon akauliza simu.

"Pointi zenu tatu, Bwana Krebs," ikajibu sauti, na cha ajabu ilitoka kwenye simu na nyuma ya Arlys kwa pamoja. Kule safu ya pili, mama mfupi wa sweta la kijivu alikuwa amenyoosha shingo huku na huko kama bata, hotidogi mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Sijaziona, maana ulikuwa umenikinga. Hebu kaa chini."