Askari Niliyemlaza Thelujini

Jumatatu, 14 Oktoba 1822

Nimefika Oberweilen na sanduku langu la picha za kuchungulia. Mvua. Paa la mkokoteni lilikuwa na tundu moja, sasa yako matatu. Nikilala humo majira mengine ya baridi, nitaamka nimekufa.

Gulio la mavuno. Watoto foleni, kila mmoja na yai au peari yake. Jicho kwenye kioo, mshumaa ndani, mimi naeleza: Miaka Kumi ya Dunia. 1811, nyota yenye mkia, ikaning'inia juu miezi na miezi kama mtu anayesubiri kuitwa. 1812, mfalme wa Wafaransa akachukua wanaume wetu elfu kumi na tano, akaenda nao Urusi kutafuta vita, akapata theluji. Waliorudi wangeenea kanisa moja, na viti vikabaki. 1813, vita vya Leipzig. 1815, Waterloo, picha ileile ya Leipzig, nimeongeza moshi tu. 1816, mwaka ambao kiangazi hakikuja, tukala mkate wa maganda ya miti.

Mwalimu Kienzle wa shule ya hapa kasema mbele ya watoto kwamba farasi wa Leipzig na wa Waterloo wana baka lilelile. Nimemjibu kwamba farasi naye aliajiriwa upya. Watoto wakacheka. Nimepata adui.

Jumanne, 15 Oktoba

Nakula Dubu Mweusi, nyumba ya wageni ya Mama Walburga. Jiko la vigae kubwa kama ng'ombe. Supu yenye nyama! Mume hana, yaani, anaye na hana. Veit alikwenda Urusi mwaka ule, binti yao Apollonia akiwa bado wa kubebwa. Hakurudi, wala hakuna aliyemwona akifa. Kwa hiyo padri hawezi kumwandika mkewe mjane, na asiye mjane haolewi. Kienzle anasubiri mwaka wa sita sasa, na maua kila Jumapili.

Mimi si mtu wa kusubiri. Nina picha ya Urusi. Nina brashi. Nimemuuliza Walburga, Veit aliondoka amevaa nini. Skafu nyekundu, kasema, aliifuma yeye mwenyewe.

Nimemchora amelala chali ukingoni mwa msitu, mbali, mdogo kama punje ya shayiri. Skafu nyekundu. Nitasema mchoraji alikuwepo. Padri ataandika, Walburga atakuwa mjane, mimi nitakuwa kando ya jiko.

Jumatano, 16 Oktoba

Walburga kachungulia. Kisha, bila kuondoa jicho: "Nani alikuambia habari za kidole?"

Kidole gani? Sikuchora vidole. Kwa udogo ule mkono mzima ni nukta. Nikasema mchoraji alikuwa mtu makini sana. Kumbe Veit alijikata kidole cha mwisho kwa shoka, mkono wa kushoto. Kaniongezea nyama. Padri atakuja kutazama Jumamosi. Mambo yananyooka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Apollonia kachungulia bila kulipa. "Bwana wa Sanduku, yule mtu mbona ameketi?"

Nikamwambia maiti haiketi.

"Basi si maiti," kasema, akaenda kulisha bata.

Nimechungulia. Ameketi.

Ni Kienzle huyo! Kaingia mkokotenini akachora upya. Nimenunua kufuli. Mkono wake si mbaya, lazima nikiri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kufuli halijaguswa. Amesimama. Si punje tena, ni kama kidole gumba. Nyuma yake nyayo, zimetoka msituni. Nimempaka theluji, tabaka tatu. Hakuna Veit. Nikamchora mwingine palepale, amelala, na gogo juu ya kifua kwa usalama.

Adhuhuri rangi bado mbichi. Amesimama mbele ya gogo. Sasa ana uso. Mimi sikumchora uso.

Nikamvamia Kienzle shuleni. Kaapa hajawahi kushika brashi. Akaja, akachungulia, akainuka mweupe kama chaki yake. "Zwick," kaniambia polepole, "huyo nilisoma naye." Jumapili hapeleki maua. Mpinzani mmoja kapungua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Padri kaja, kijiji kizima nyuma yake. Kachungulia. Kauliza maiti iko wapi.

Nikachungulia. Theluji, msitu, gogo. Nyayo zinakuja mpaka ukingo wa picha, upande wetu, zinakoma. Chini ya sanduku, maji.

Padri kaniita tapeli, kwa adabu. Haandiki chochote. Walburga kachungulia wa mwisho. Hakulia. Kamwambia binti yake, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Weka sahani ya tatu."

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeondoka watu wakiwa misani. Toka mkokoteni wangu mpaka mlango wa Dubu Mweusi kulikuwa na nyayo za theluji. Theluji haijaanguka mwaka huu.

Nikapita dirishani. Miaka yote nachungulisha wengine, mara moja si dhambi. Sahani tatu. Mwanamume kanipa mgongo, skafu nyekundu. Supu mbili zilifuka mvuke. Yake haikufuka. Walburga alikuwa ameushika mkono wake, ule wenye vidole vinne, anausugua, anausugua. Apollonia kaniona. Kaweka kidole mdomoni.

Kufuli sikuweza kulirudisha dukani. Hasara.

Jumanne, 22 Oktoba

Unterweilen. Mvua. Mama Kreszentia, mwoka mikate. Tanuri mbili! Mume alikwenda Urusi, kofia ya manyoya ya sungura, hakurudi. Padri wa hapa naye hataki kumwandika mjane.

Safari hii nimetumia akili. Nimemchora bila miguu.

Jumatano, 23 Oktoba

Kwenye theluji kuna mfuo mrefu, kama wa kitu kinachojikokota. Brashi iliniteleza, bila shaka. Nimemwambia Mama Kreszentia aje kesho, na padri.