Rangi Inayozuia Moto

Injinia, ambaye chuo alikijua kwa kupita nje ya ukuta wake, aliitazama ile nyumba ya ghorofa akajua riziki imemjia. Kuta za matofali, sakafu ya juu ya mbao, ngazi ya mbao, na mlangoni barua ya mkaguzi: mbao zikingwe dhidi ya moto kwa bodi za jipsamu, la sivyo wapangaji watolewe ndani ya mwezi mmoja.

"Pole, mama," alimwambia mwenye nyumba. "Jipsamu itakufilisi. Mimi nina rangi. Unapaka mara mbili tu, mbao inahimili moto saa nzima, sawa na zege."

"Saa nzima, mwanangu?"

"Dakika sitini. Maabara imethibitisha."

Maabara yenyewe ilikuwa kasha la mbao lililopakwa rangi hiyo, alilotembea nalo, ambalo kati ya mbao na mbao alikuwa ameficha vipande vya jipsamu. Lilihimili moto robo saa, na robo saa ilikuwa imetosha kuwalainisha wenye nyumba watano. Pesa zote alizowakamua zilikuwa kwenye mkoba wake wa ngozi, na kesho yake alikuwa ahame mji.

"Basi tupime," alisema mama. "Tuweke mkoba wako humo kashani."

Injinia alicheka peke yake. Wapangaji walikuwa wameshatoa viti uani.

"Kwani huiamini rangi yako, kaka?" aliuliza fundi cherehani.

"Naiamini kabisa," alisema Injinia, akautoa mkoba kama mtu anayetoa figo.

Mama aliuviringisha kwenye shuka kuukuu, akaingia nao ndani kutafuta misumari. Injinia akabaki akiwafundisha wapangaji kwamba chuma nacho hulegea kikipata joto. Mama alirudi na furushi, akalitia kashani, akapigilia kifuniko, akawasha moto, akaaga kwamba anafika dukani mara moja.

Dakika ya kumi na tano Injinia alilegeza tai. Ya kumi na saba, kifuniko kikaanza kufuka moshi.

"Bado arobaini na tatu," alisema fundi cherehani.

Injinia alinyakua ndoo. "Nimewadanganya," alisema huku akimwaga maji. "Ni rangi ya ukutani tu, haizuii kitu." Akabandua kifuniko. Ndani ya shuka iliyoungua mlikuwa na tofali, zima kabisa.

Mama wakati huo alikuwa dukani, mkoba kwapani, akichagua bodi za jipsamu. Mwenye duka alimwuliza anataka za kuhimili moto dakika ngapi.

"Za kuwatosha wapangaji wangu wote kushuka ngazi," alisema. "Na fundi cherehani wa juu anachechemea."